Maswali ya Wasomaji: Ruta ya Zamani Kuwa Kompyuta ya Linux

Tangu nyumba na maduka mengi ya Mombasa yaanze kuungwa kwa nyaya za faiba, ruta za miaka iliyopita zimebaki juu ya makabati, na nyingine zinauzwa kwa bei ya chini mno pamoja na adapta na simu mbovu. Wasomaji kadhaa wameuliza kama vifaa hivyo vinaweza kutumika kama kompyuta ndogo za Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, zisizokula umeme mwingi. Barua zilizochaguliwa zimefupishwa, na majibu yanatofautiana kwa urefu kulingana na uzito wa jambo lililoulizwa.

Swali. Salamu kwa mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo na ninaishi Kisauni. Nyumbani tuna ruta ambayo haitumiki tangu tulipobadilisha mtandao, na rafiki yangu anadai kwamba naweza kuifanya kompyuta ya Linux nikajifunzia bila kununua laputopu. Je, ni kweli? Na skrini nitaichomeka wapi? – *Mwanafunzi, Kisauni*

Jibu. Rafiki yako amesema kweli kwa sehemu kubwa. Ruta hiyo ni kompyuta tangu ilipotoka kiwandani: ukilifungua kasha lake utakuta bao moja la saketi lenye prosesa, chipu ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), chipu ndogo ya kumbukumbu ya kudumu na sehemu ya redio ya waifai, na katika ruta nyingi za majumbani programu iliyomo imejengwa juu ya kiini kilekile cha Linux kinachoendesha seva kubwa. Mtengenezaji ameifungia kazi moja tu, akakuachia ukurasa wa mipangilio kwenye kivinjari, na mengine yote akayaficha.

Kwamba leo tunaweza kuyafikia hayo yaliyofichwa ni matunda ya kisa kilichoanzia kwenye ruta moja. Desemba 2002 kampuni ya Linksys ilitoa ruta iitwayo WRT54G. Mwaka 2003 watu waliochunguza programu yake waligundua kuwa ndani yake mna Linux, nayo Linux hutolewa chini ya leseni ya GPL inayomlazimu anayeisambaza kutoa pia msimbo wake. Baada ya kushinikizwa, kampuni iliutoa msimbo huo, na mwaka 2004 ukaanzishwa mradi wa OpenWrt, unaotengeneza mfumo wa Linux wa kuwekwa kwenye ruta badala ya programu ya kiwandani, na ambao umechukua sehemu ya jina lake kutoka kwa ruta hiyohiyo. Toleo la pili la WRT54G lilikuwa na prosesa ya megahezi 200, RAM ya megabaiti 16 na kumbukumbu ya kudumu ya megabaiti 4, na hata hivyo watu waliifanyisha kazi ambazo mtengenezaji hakuzikusudia kabisa. Mwaka 2005 toleo la tano lilipoacha Linux na kupunguziwa kumbukumbu, wateja walilalamika, na kampuni ikatoa WRT54GL ili wapenzi wa Linux wapate kifaa chao. Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu vijana wengi hudhani kuwa kubadilisha programu ya ruta ni ujanja wa wizi, ilhali ni haki iliyoandikwa katika leseni.

Sasa kuhusu skrini. Ruta nyingi hazina pa kuchomeka skrini wala chipu ya kuchora picha, kwa hiyo hutaona madirisha, kipanya wala kivinjari. Utazungumza nayo kutoka kwenye kompyuta nyingine kwa njia ya SSH, yaani kuandika amri kwenye kompyuta moja zikatekelezwa kwenye nyingine kupitia mtandao, hata kama ni kompyuta ya maktaba ya chuo au ya kuazima. Mara ya kwanza tumia kebo ya LAN, kwa kuwa OpenWrt ikishawekwa huja ikiwa na waifai iliyozimwa katika ruta nyingi. Ruta itakuwa kwenye anwani 192.168.1.1, jina la mtumiaji ni *root*, na nywila huwa hakuna mpaka uiweke mwenyewe, jambo ambalo nakusihi ulifanye kabla ya jingine lolote. Ukishaweka waifai na nywila, waweza kuendelea na kazi ukitumia simu ya Android yenye programu ya SSH.

Ukishaingia, andika *free*, amri inayoonyesha RAM. Katika ruta yenye RAM ya megabaiti 64 utaona jumla iliyo pungufu ya hapo, kwa sababu kiini chenyewe kimeshachukua sehemu yake kabla hujafika. Kisha andika *df -h* utazame mstari wa */overlay*, yaani nafasi uliyobakiziwa ya kuhifadhi mambo yako: katika ruta yenye kumbukumbu ya kudumu ya megabaiti 8, nafasi hiyo inaweza kuwa ndogo kuliko picha moja ya simu ya kisasa. Mfumo wenyewe umebanwa katika sehemu isiyoandikika, na kila unachobadilisha huwekwa juu yake katika nafasi hiyo ndogo. Ndiyo maana ukikosea unaweza kufuta tabaka la juu tu, na ruta ikarudi kama ulivyoiweka siku ya kwanza.

Kwa mwanafunzi, ufinyu huo una faida kubwa. Utajifunza amri za kawaida, ruhusa za mafaili, kihariri cha maandishi cha *vi*, kazi za ratiba za *cron*, kuandika skripti, kuweka ngome ya mtandao (firewall) na kusoma kumbukumbu za matukio, na kwa kuwa programu zinazoendeshwa ni chache utaweza kuijua kila moja inafanya nini, jambo gumu sana kwenye laputopu yenye mamia ya programu za chinichini. Usitarajie Ubuntu, ile Linux kamili ya kompyuta za mezani, wala kukompaili ndani yake programu kubwa zilizoandikwa kwa lugha ya C. Python inawezekana katika umbo lake dogo, mradi uwe umeongeza nafasi kwa flashi ya USB. Kwa hiyo laputopu bado utaihitaji kwa kazi za kuandika na kuchora, lakini kwa kuijua Linux yenyewe ruta hiyo inakutosha kwa muda mrefu.

Swali. Assalaam aleikum. Nafundisha madrasa huku Likoni. Mzazi mmoja ametupa ruta ya TP-Link TL-MR3420 yenye tundu la USB, nasi tuna flashi iliyojaa vitabu vya PDF na sauti za masomo. Wanafunzi wakubwa wana simu, ila bando hawana. Ningependa waingie kwenye waifai ya darasani wasome na kusikiliza bila intaneti. Je, ruta hiyo itaweza? – *Mwalimu wa madrasa, Likoni*

Jibu. Waaleikum salaam, Mwalimu. Kazi uliyoitaja ndiyo inayoifaa ruta kuliko nyingine zote, kwa kuwa kurusha waifai na kupeleka mafaili ni mambo iliyoumbiwa. Lakini kabla ya kuanza, tafadhali ipindue ruta hiyo usome kibandiko cha chini, mahali palipoandikwa *Ver* na nambari. Jina la kifaa pekee halitoshi. TL-MR3420 ya matoleo ya kwanza ina kumbukumbu ya kudumu ya megabaiti 4 na RAM ya megabaiti 32, na toleo la tano lina megabaiti 8 na 64, ingawa yote mawili yanauzwa kwa jina lilelile. Wala usidhani kuwa nambari kubwa daima ni bora: TL-WR841N ya toleo la 13 ina megabaiti 8 na 64, kisha toleo la 14 lililofuata likarudishwa kwenye 4 na 32. Watu wengi hupoteza fedha sokoni kwa kutotazama nambari hiyo.

Ikiwa yako ni ya megabaiti 4 na 32, sitakuficha: itakusumbua. OpenWrt iliacha kuzitengenezea ruta za kiasi hicho matoleo rasmi baada ya toleo la 19.07, na hata ukitumia toleo hilo la zamani, nafasi haitoshi kuongeza programu za kusoma flashi ya USB mpaka ujitengenezee mfumo wako uliopunguzwa ukurasa wa mipangilio. Fundi mwenye subira anaweza kuifanya kazi hiyo, lakini kwa darasa ni afadhali utafute ruta nyingine. Kiasi cha chini ambacho ningekushauri ni megabaiti 8 na 64, na ukipata 16 na 128 utakuwa na amani zaidi. TL-WDR3600 kwa mfano ina 8 na 128, pamoja na matundu mawili ya USB. Tovuti ya OpenWrt ina jedwali la vifaa linaloonyesha kila ruta na kila toleo lake, nami naomba mtu yeyote asitoe hata shilingi kabla ya kulitazama. Ukurasa wa kifaa chako hapo ndipo pia utakapoona namna ya kuuweka mfumo, kwa sababu ruta nyingine hupokea faili la usakinishaji kupitia ukurasa wake wa kawaida wa mipangilio na nyingine huhitaji TFTP, njia nyepesi ya kupeleka faili kwa kebo, nitakayoieleza kwa fundi wa Changamwe hapa chini.

Tuchukulie kwamba ruta ni ya toleo la tano na OpenWrt imeshakaa. Iunge kwa muda na intaneti, kisha uongeze furushi (programu za nyongeza) tatu: *block-mount*, *kmod-usb-storage* na *kmod-fs-ext4*. Kwa muda mrefu furushi ziliongezwa kwa amri ya *opkg*. Matoleo ya karibuni yameanza kutumia *apk*. Flashi yako uiumbize kwa ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, kwenye kompyuta ya Linux, baada ya kunakili vilivyomo mahali pengine, kwani kuumbiza kunafuta kila kitu. Uirudishe kwenye ruta na uifungue (mount) kwenye folda kama */mnt/sda1*.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ndogo mno. Ndani ya OpenWrt mna seva ya kurasa iitwayo *uhttpd*, ileile inayoonyesha ukurasa wa mipangilio, nayo hutoa chochote kilichomo ndani ya folda ya */www*. Ukiandika *ln -s /mnt/sda1 /www/maktaba*, umeipa folda ya flashi jina la pili ndani ya */www*, na mwanafunzi akiandika 192.168.1.1/maktaba kwenye kivinjari cha simu ataona orodha ya mafaili yote bila wewe kutengeneza ukurasa wowote. Yape mafaili majina yanayosomeka na uyapange kwa darasa na somo, kwa maana orodha hiyo ndiyo itakayokuwa mlango wa maktaba yenu.

Kuna mambo matatu ambayo hujitokeza darasani. La kwanza, simu za Android zikiona waifai haina intaneti hutoa onyo na nyingine hurudi zenyewe kwenye data ya laini. Wafundishe wanafunzi kukubali kubaki kwenye waifai hiyo, au wazime data kwa muda wa somo. La pili, ukurasa wa mipangilio nao utakuwa unafikika na kila aliye darasani, kwa hiyo nywila ya *root* iwe ndefu na asiijue mwanafunzi hata mmoja. La tatu ni saa. Tofauti na kompyuta za mezani, ruta nyingi hazina betri ya saa, kwa hiyo umeme ukikatika husahau tarehe. OpenWrt ikiwaka huchukua tarehe ya faili jipya kuliko yote lililomo kwenye folda ya */etc*, kisha husubiri kurekebishwa na intaneti, ambayo nyinyi hamna. Kwa kusoma vitabu haidhuru, ila usiitegemee ruta hiyo kuandika mahudhurio kwa tarehe.

Kuhusu uwezo, sauti ya mtu akizungumza inaweza kutosheka na kilobiti 64 kwa sekunde, maana yake wanafunzi 20 wakisikiliza kwa pamoja wanahitaji kama megabiti 1.3 tu, kiasi ambacho ruta hukipeleka bila tabu. Vitabu vya PDF vitachelewa kidogo wote wakivipakua kwa mkupuo mmoja, kisha mambo yatatulia. Video kwa darasa zima sikushauri.

Swali. Mhariri, nina duka la kuchapisha karatasi Majengo. Kompyuta ya zamani inawaka usiku na mchana ili kuhifadhi faili za wateja na picha za kamera ya ulinzi, na tokeni zinaniishia upesi. Je, ruta inaweza kuchukua kazi hiyo? Na stima ikipotea nitaiwasha kwa nini? – *Mama mwenye duka, Majengo*

Jibu. Bi, kwa faili za wateja jibu ni ndiyo, lakini kwa kamera nitakukataza. Kamera huandika video bila kupumzika, na prosesa ya ruta pamoja na flashi ya USB ya kawaida havihimili uandishi wa namna hiyo kwa muda mrefu. Flashi itakufa, nawe utaligundua hilo siku utakapozihitaji picha. Kinasa cha kamera kibaki kifaa chake chenyewe.

Tufanye hesabu ya umeme. Tazama adapta ya ruta: ikiandikwa volti 12 na ampea 0.5, zidisha upate wati 6, na hicho ndicho kiwango cha juu ambacho adapta imeahidi kutoa, ruta yenyewe ikila chini ya hapo kwa kawaida. Tuseme wati 5. Kwa saa 24 na siku 30 hiyo ni saa 720, yaani yuniti 3.6 kwa mwezi. Kompyuta ya mezani inayokula wati 100 kwa saa hizohizo inakula yuniti 72. Tazama risiti yako ya tokeni, gawanya fedha ulizolipa kwa yuniti ulizopewa, kisha uzidishe kwa tofauti hiyo ya yuniti 68.4, utakachopata ni fedha halisi za duka lako, wala huhitaji kuniamini mimi.

Programu ya kushirikisha faili na kompyuta za Windows ni Samba, na iko nyepesi zaidi iitwayo *ksmbd* inayozifaa ruta zenye RAM ndogo. Ukitaka kutumia diski ngumu ya nje badala ya flashi, usiichomeke moja kwa moja. Diski hiyo inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko tundu la USB la ruta linavyoweza kutoa, ruta hujizima na kujiwasha tena, na mwenye duka hudhani mfumo ni mbovu. Nunua kigawanyaji cha USB chenye adapta yake. Na faili za wateja ziwe na nakala ya pili mahali pengine, kwa sababu hiki ni chombo kimoja chenye diski moja.

Stima ikipotea, ruta ya volti 12 inaweza kuwashwa kwa betri ndogo ya volti 12. Betri ya ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Usiimalize, tumia nusu yake, na kwa ruta inayokula wati 4 utapata takriban saa kumi. Lakini betri inapochajiwa kwa sola volti zake hupanda hata kupita 14, kwa hiyo weka kati yake na ruta kifaa cha kushikilia volti. Ruta nyingine ni za volti 9 na nyingine za volti 5, nazo hutumia plagi zinazofanana kwa umbo. Ruta ya volti 9 ukiichomekea adapta ya volti 12 inaweza kuungua papo hapo. Soma kibandiko cha ruta na cha adapta, uangalie pia alama ndogo inayoonyesha kama chanya iko katikati ya plagi au nje yake.

Jambo la mwisho linahusu mji wetu. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, na ruta iliyowekwa dirishani hupata kutu ya kijani kwenye pini za matundu ya LAN, mtandao ukawa unakuja na kuondoka bila sababu inayoonekana. Iweke ndani, mbali na dirisha, imesimama ukutani ili joto lipande na kutoka, na usiifunike. Ukinunua ya mtumba, mulika tochi ndani ya matundu kabla ya kulipa.

Swali. Kwa nini mtu ajisumbue na ruta ilhali kuna Raspberry Pi? – *Msomaji, Nyali*

Jibu. Kama huna ruta na una fedha za kununua kifaa, nunua Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bao moja, au kompyuta ndogo ya ofisini ya mtumba. RAM yake ni kubwa zaidi, ina tundu la skrini, na inaendesha Linux ya kawaida. Hata Raspberry Pi ya kwanza ya mwaka 2012 iliyouzwa dola 35 ilikuwa na RAM ya megabaiti 256, mara nne ya ile ya ruta ya Mwalimu wetu wa Likoni ikiwa ni ya toleo la tano. Lakini kwa bei hiyo bado unahitaji kadi ya kumbukumbu na adapta, na Pi ya kwanza haikuwa na waifai. Ruta inakuja na waifai, matundu kadhaa ya LAN, kasha na adapta yake, na tayari iko kabatini. Kwa kazi za mtandao zenye kukaa macho usiku kucha, kama kuzuia matangazo kwa nyumba nzima, kuwasha kompyuta ya ofisi kutoka mbali, kuigawia jirani waifai kwa kipimo au kuishirikisha printa moja ya USB kwa meza zote, mimi ningeichukua ruta bila kusita. Kwa kazi zinazohitaji RAM ningeiacha.

Swali. Kampuni ya intaneti imeniachia kisanduku cha faiba baada ya mimi kuacha huduma yao. Je, nikiwekee OpenWrt? – *Msomaji, Tudor*

Jibu. Kwanza soma mkataba, kwa sababu visanduku vingi vya namna hiyo hubaki mali ya kampuni na hutakiwa kurudishwa. Kama umethibitisha kuwa ni chako, bado usiwe na matumaini makubwa: vingi vina chipu ambazo watengenezaji wake hawakutoa maelezo, hasa upande wa waifai na wa faiba yenyewe, na hukuti jina lake kwenye jedwali la OpenWrt. Kikikosekana kwenye jedwali, kiache.

Swali. Mimi ni fundi wa simu Changamwe. Mteja aliniletea ruta ya TP-Link nimwekee OpenWrt, na katikati ya kazi stima ikapotea. Sasa taa moja tu inawaka na haifunguki kwa anwani yoyote. Je, imekwisha? – *Fundi, Changamwe*

Jibu. Pole, fundi. Kuna uwezekano mkubwa kwamba bado ni nzima, kwa kuwa programu ndogo inayoiwasha ruta hukaa katika sehemu yake tofauti ya kumbukumbu, na usakinishaji wa kawaida hauigusi.

Kama OpenWrt iliwahi kukaa na ni mipangilio tu iliyoharibika, jaribu hali ya dharura. Iwashe ruta ukitazama taa ya mfumo. Itakapoanza kumeta, bonyeza kitufe cha *reset*. Ukiwahi, taa itameta kwa kasi zaidi, nawe utaingia kwa SSH kwenye 192.168.1.1 kutoka kwenye kompyuta uliyoipa anwani ya 192.168.1.2 kwa mkono. Humo amri ya *firstboot* itafuta mipangilio yote.

Kwa hali uliyoieleza, mfumo haukumaliza kuandikwa, kwa hiyo njia yako ni TFTP. Ruta nyingi za TP-Link, kitufe cha *reset* kikishikiliwa wakati wa kuwashwa, hutafuta kwenye kebo kompyuta yenye anwani maalumu na kuiomba faili lenye jina maalumu. Katika matoleo kadhaa ya TL-WR841N anwani hiyo ni 192.168.0.66, na nyinginezo zina yake. Anwani, jina la faili na muda wa kushikilia kitufe vyote vimeandikwa kwenye ukurasa wa kifaa hicho katika tovuti ya OpenWrt. Ipe kompyuta yako anwani hiyo, zima waifai na ngome ya mtandao ya kompyuta, anzisha seva ya TFTP, na usiondoe macho kwenye dirisha lake: likionyesha kuwa faili limeombwa, ruta iko hai. Mara nyingi kinachoshinda ni kompyuta kuchelewa kuitambua kebo wakati ruta inawaka, na dawa yake ni kuweka swichi ndogo ya mtandao kati ya vifaa viwili ili upande wa kompyuta usikatike.

Ikikataa kabisa, fungua kasha utafute kwenye bao mahali penye nukta nne za serieli (njia ya waya ya kusoma maandishi ya ruta), ambazo katika mabao mengi zimeandikwa TX, RX, GND na VCC. Unazijua kazi za kulehemu, kwa hiyo hapo hutashindwa. Tumia kigeuzi cha USB kwenda serieli cha volti 3.3, si cha 5, unganisha TX ya kimoja na RX ya kingine pamoja na GND, na VCC uiache bila kuunganishwa. Kasi huwa 115200 katika ruta nyingi. Utaona maandishi ya ruta inavyoamka hatua kwa hatua, na mahali yanapokatikia ndipo penye ugonjwa. Maandishi yasipotokea kabisa, na umehakikisha waya na kasi, basi programu ya kuwashia nayo imeharibika, na iliyobaki ni kuiondoa chipu ya kumbukumbu na kuiandika upya kwa kifaa cha kuandikia chipu. Kwa ruta ya bei hiyo mweleze mteja gharama kabla hujaanza, na safari nyingine ruta na kompyuta uziwashe kwa betri mpaka mfumo umalize kuandikwa.